Nguchiro na Mchicha wa Bibi Fuko

Paukwa!
Pakawa!
Aa, mnaitikia kama hamjala! Paukwaaa!
Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, masika yakiwa yameshaaga, palikuwa na Nguchiro. Mwili kidogo, mdomo debe! Alilelewa na Bibi Fuko, kikongwe asiyeona, meno yameisha kwa kuguguna mihogo.

Bibi akaumwa. Uji hataki. Kiazi hatafuni.

"Labda mchicha, mjukuu wangu. Ule mlaini."

"Mchicha tu? Nitakupa msitu!"

Tuta la mchicha analo, tena mbegu alizimwaga kwa pupa. Miche imebanana kama manyoya ya paka. Jua likawaka, waa! Miche ikanyong'onyea, njano tupu. Nguchiro akachota maji, chubwi! chubwi! Miche ikazidi kulala.

Kanga akapita, kwa maringo yake. "We mdomo, miche imesongamana. Ng'oa mingine!"

"Ning'oe chakula cha Bibi? Wivu huo! Pita!"

Kanga akapita, kicheko juu. Nguchiro akageuka, akafuta machozi haraka. Msiseme niliwaambia.

Mara, kwaru, kwaru, kwaru. Bibi Fuko huyo, anajikokota. Akalaza sikio juu ya udongo.

"Mizizi inagombana huku chini. Ng'oa, baba."

"Niking'oa, Bibi, utakula nini?"

Bibi akacheka, ufizi mtupu. "Hiyo hiyo unayoing'oa."

Lo! Bingwa wetu hakuwa amewaza hilo!

Akang'oa, nyofu! Akaruka mmoja, akang'oa mwingine, nyofu! Akaosha, akachemsha, akamlisha kijiko kwa kijiko. Bibi akameza. Akalamba mdomo. Akasema, "Ongeza."

Nguchiro akakimbia ndani. Akabeba nyasi kavu zote za kitandani kwake, akazitandaza katikati ya miche iliyobaki, jua lisikaushe udongo. Akamwagilia, taratibu sasa.

Bibi akapapasa pale mjukuu anapolala. Sakafu tupu.

"Kitanda chako kiko wapi, baba?"

"Mchicha umekilalia. Unakua kwa ajili yako."

Bibi akasogea kwenye mkeka wake, akampisha nafasi.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: anayeng'ang'ania vyote huviua vyote. Punguza, kinachobaki kinawiri, na ulichokiondoa kimshibishe umpendaye.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye chungu kilichorambwa. Anayebisha, akang'oe wake!