Dawa Aliyoificha Nakijwa

Hapo zamani, katika milima ya Upare, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Huyu alijua kuzuia damu. Mtu akijikata kwa jembe, huitwa Nakijwa. Mtu akichanwa na mti, huitwa Nakijwa. Naye huenda kichakani peke yake, hurudi na majani kayafumbata mkononi, huyaponda ndani, mlango umefungwa, kisha hukamulia maji yake kwenye jeraha.

"Majani gani hayo?" watu waliuliza.

"Majani tu."

Yalikuwa mashona nguo, yale magugu ambayo mbegu zake nyeusi hung'ang'ania nguo za kila mpita njia. Bibi yake alimwonya asiyataje, ati dawa ikitajwa huisha nguvu. Lakini pia, moyoni mwake, Nakijwa alipenda kuitwa.

Alikaa boma moja na mumewe Senkondo, mama mkwe wake, na Mbonea, dada wa Senkondo.

"Nionyeshe, wifi," Mbonea alimsihi. "Iko siku hutakuwepo."

Nakijwa akacheka, akafunga mlango.

Mbonea aliona amedharauliwa. Akaanza kunong'ona kisimani: anayejifungia na majani anaficha nini? Mnong'ono ukazunguka, ukarudi umekuwa uchawi. Mama mkwe aliusikia, akanyamaza. Nakijwa alipousikia alifunga mzigo wake, akarudi kwao, ng'ambo ya mto. Senkondo alisimama mlangoni akimtazama anavyokwenda.

Asubuhi moja Senkondo alikuwa akichonga nguzo. Shoka likateleza, likamwingia mguuni. Mbonea akamfunga kitambaa, damu ikapenya. Akafunga kingine, ikapenya.

"Kamwite mke wangu," Senkondo alisema. "Mwambie namwomba."

Mbonea akakimbia, akakatisha vichakani, akavuka mto. Alimkuta Nakijwa anatwanga.

"Wifi, njoo! Damu ya kaka haikatiki!"

Nakijwa akaitazama nguo ya Mbonea. Kuanzia magotini hadi pindoni ilikuwa imejaa mbegu nyeusi. Njia nzima Mbonea alikuwa anapita katikati ya dawa.

Walikimbia pamoja, Nakijwa akichuma huku anakwenda. Walipofika, Senkondo alikuwa amekwisha kata roho. Je, majani yangemwokoa? Hakuna ajuaye. Nakijwa aliyaponda vivyo hivyo, nje, mbele ya watu wote, machozi yakimdondokea kinuni.

Matanga yalipokwisha, mama mkwe aliwaita wote wawili.

"Siwezi kuwatazama nyote kila siku," alisema. "Mmoja aondoke."

"Nitaondoka mimi, mama," Nakijwa alisema. "Wifi aliniomba nimfundishe, nikamcheka. Neno moja tu lingetosha."

"Hapana, mama, ni mimi," Mbonea alisema. "Isingekuwa ulimi wangu, mwenye dawa angekuwa hapa nyumbani."

Mama mkwe aliinama. Aliponyanyua uso, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mimi niliyesikia uongo ule nikanyamaza, je, kunyamaza kwangu kulimwokoa mwanangu? Labda mimi ndiye niwapishe."

Wakakaa pale, watatu, hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole.

Haya, nyinyi mlionisikiliza, niamulieni: aliyeificha dawa, aliyemchafulia jina mwenye dawa, na aliyenyamaza, ni nani aliyestahili kulihama boma lile?