Marehemu Asiyekula Mlenda

Wewe uliyebetua mdomo hapo pembeni, nimekuona. Sijaanza hadithi, wewe umeshaikataa. Ulikuwepo? Hukuwepo. Mama yako alikuwepo? Hakuwepo. Basi huo mdomo upe karanga utafune, masikio niachie mimi. Anayetaka kubisha akabishe kwake, na mumewe.

Mlango!

*Uko wazi!*

Apite nani?

*Apite mwenye masikio!*

Na mwenye mdomo?

*Abaki nje!*

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeota mvi, ziwa letu kubwa lilikuwa na meli isiyo na nahodha. Watu waliiita Meli ya Marehemu. Ilipita masika, asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Haina tanga. Haina kasia. Haina mtu. Lakini juu yake moshi mweusi, mrefu, unapanda mpaka unashika mawingu. Wahenga walisema palipo na moshi pana moto. Wahenga hawakuiona meli hiyo.

Kijiji cha Bugoroka, kilichokaa ukingoni mwa ziwa, kilikuwa na sheria za meli. Ikionekana, mitumbwi yote hupandishwa nchi kavu mwaloni, pale inapoegeshwa. Kila nyumba huteremsha chungu cha chakula ufukweni, kwa ajili ya waliozama. Kisha watu hujifungia ndani mpaka jua lisimame utosini. Mtu hai akionja chakula kile, husukumwa ziwani kwenye mtumbwi usio na kasia, akale vizuri na wenzake huko walikozama.

Na kama mtu amezama na mwili haukupatikana, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa, ukaliliwa. Mwili ukija kupatikana, mgomba hufukuliwa na mwili huzikwa palepale. Msiniulize nani alitunga sheria hizo. Aliyetunga alikufa, na hakusema amehamia wapi.

Sasa, palikuwa na mwanamke, jina lake Nyanjige. Nyumba aliyokaa aliijenga yeye. Udongo alikanyaga yeye, nyasi alikata yeye, paa aliezeka yeye. Mumewe, Mazigo, alishika ngazi. Na ngazi yenyewe aliishika kwa kuiegemea, akasinzia.

Mazigo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mgongo unaopenda mkeka, basi. Akiambiwa atengeneze wavu, husema akishakula. Akishakula, husema akishapumzika. Akishapumzika, husema jua limekuchwa. Hata kuvua alikwenda na mkeka wake. Alikula kila kitu duniani isipokuwa mlenda. Mlenda alisema unamteleza kooni kabla hawajasalimiana.

Masika moja meli ikapita. Watu wakajifungia. Jua lilipofika utosini wakafungua milango, wakaukuta mtumbwi wa Mazigo unaelea peke yake, ndani yake kofia tu.

Kijiji kikalia. Nyanjige naye akalia, kilio cha haki, maana mume mvivu ni mume vilevile, na usiku wa mvua ana joto. Wakakata mgomba, wakauvisha shati la Mazigo, wakauzika nyuma ya nyumba. Wapo waliosema shati lile liliupendeza mgomba kuliko lilivyompendeza mwenyewe. Sikuwataja. Mnawajua.

Udongo haujakauka, akaja Lugata, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa na wake wawili waliokwisha kumchoka, na nyumba inayovuja. Akazunguka nyumba ya Nyanjige akigonga kuta kwa vidole, kama mtu anayechagua mtungi. Akasema matanga yakianuliwa atamrithi, yeye na nyumba. Asipotaka kurithiwa, achukue jembe lake arudi kwao. Nyumba ni ya ukoo. Kisha akavua kofia, akaitundika ukutani, akaondoka bila kofia. Mwenye akili alielewa.

Nyanjige alielewa. Akaiangalia ile kofia, akaangalia kuta alizozikandika kwa mikono yake, akakosa usingizi.

Sasa sikilizeni. Zamani meli ilipita mara moja kila masika. Mwaka ule ilipita, ikapita tena, ikaendelea kupita. Mzee Kazoba, msemaji wa mwalo, akasema marehemu wameongezeka na wana njaa. Watoto wa Bugoroka nao walikuwa na njaa, kwa kuwa vyungu vilikwenda ufukweni vimejaa na kurudi vitupu. Lakini mtoto hana mwalo wa kusemea.

Mara ya kwanza baada ya mgomba kuzikwa, Nyanjige alipeleka ugali, samaki na mlenda. Vyungu vya wenzake vilirudi vyeupe. Chake kilirudi samaki hayupo, ugali haupo, mlenda umesukumwa pembeni, umewekewa na mpaka. Nyanjige akakitazama chungu kile muda mrefu.

Mara ya pili akammwagia samaki mlenda juu, kichwa hadi mkia. Chungu kikarudi kitupu. Akafurahi? Hakufurahi. Alikwenda ukingoni mwa maji, akaona utelezi wa mlenda unaelea. Marehemu alikuwa amemsuuza samaki ziwani kabla ya kumla.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kisichokula mlenda pia.

Mara ya tatu meli ilitokea siku moja kabla ya kuanua matanga. Kesho yake Lugata angehamia na kitanda chake. Watu wakakimbilia ndani, wakakomea. Nyanjige akapika mlenda mtupu, chungu kizima. Akausukuma mtumbwi majini, akapiga kasia kuifuata Meli ya Marehemu.

Alipokaribia, moshi ukamfunika. Ukamwingia puani, ukamwingia machoni, ukamwingia mdomoni. Akapiga chafya, akatema, akatazama kiganjani alichotema. Moshi ulikuwa na mabawa.

Visubi! Visubi wa ziwa, wale wadogo wanaotoka majini kwa maelfu na kupanda juu kama nguzo. Mmewaona, mmewala kwenye uji bila kujua. Na meli yenyewe? Mafunjo. Mafunjo yaliyokatwa na mafuriko mdomoni mwa mto, yakashikana mizizi, yakawa kisiwa, yakasukumwa na upepo. Ndiyo meli hiyo. Bibi zetu walijifungia ndani kwa ajili ya majani.

Juu ya majani kulikuwa na mkeka. Juu ya mkeka alikuwepo Mazigo, amenenepa, na upondo wa kusukumia meli umelala kando yake.

Mazigo alimwona mkewe, akafumba macho, akaikoroga sauti.

"Mimi si wa dunia hii. Rudi, mwanamke."

"Nimekuletea mlenda," akasema Nyanjige.

Marehemu akakunja uso.

Ikabidi aseme. Akaeleza kwamba siku ile aliufunga mtumbwi kwenye mafunjo, akatandika mkeka juu yake alale kidogo, kamba ikafunguka. Alipoamka yuko mbele ya kijiji chake, milango imefungwa, na vyungu vinafuka mvuke ufukweni. Alikusudia kurudi nyumbani. Ila kwanza ale. Alipokwisha kula akaona apumzike. Alipokwisha kupumzika akasikia watu wanamlilia, akaona si adabu kuwakatiza.

Tangu hapo akawa analala kwenye kisiwa cha mawe huko ng'ambo. Akisikia njaa, anapanda mafunjo na kujipitisha. Wala hakuna, akasema, anayemwuliza habari za wavu.

Nyanjige akamwambia habari za Lugata. Akamwambia apande mtumbwi, waende akaonekane. Mazigo akajikuna, akasema wazo ni zuri, akishapumzika. Nyanjige akaushika ule upondo, akautupa ziwani, ukaenda na mawimbi.

Meli ikakosa nahodha kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mazigo akapanda mtumbwi.

Jua lilipofika utosini wakaingia mwaloni. Watu walifungua milango, wakaona, wakafunga tena. Mzee Kazoba peke yake, kwa kuwa ndiye msemaji, alilazimika kuwa jasiri. Akawaita wote nyumbani kwake: Lugata, Mazigo, Nyanjige. Wakakaa ndani, mlango umerudishwa, Mazigo akapewa kigoda, mlenda ukawekwa katikati.

Nyanjige akaeleza yote. Mafunjo, upepo, visubi. Mzee Kazoba akatabasamu kwa huruma. Akasema msiba humfanya mwanamke aone majani mahali palipo na meli, na kwamba ni meli hiyo hiyo iliyomkutanisha na marehemu wake. Akamgeukia Mazigo.

"Mwanangu, uko hai au umekufa?"

Mazigo akafungua mdomo.

"Maana kama uko hai," akaendelea mzee, "basi chakula cha marehemu wetu umekila wewe. Mtumbwi upo. Kasia hatutakupa."

Mazigo akafunga mdomo. Akaufungua tena taratibu.

"Nimekufa," akasema.

Lugata alifurahi, hakuona hata haya. Akasema basi neno limekwisha, kesho matanga yanaanuliwa, yeye anarithi. Akamwomba shemeji yake aanze kumpikia mapema.

"Vema, shemeji," akasema Nyanjige. "Lakini mwili umepatikana." Akamgeukia mzee. "Baba, mwili ukipatikana sheria inasemaje?"

Mzee Kazoba alikohoa. Sheria aliihubiri mwenyewe kila masika, hakuweza kuimeza. Akasema mgomba hufukuliwa, mwili huzikwa.

"Basi shemeji achukue jembe. Shimo lipo, ni kulifukua tu. Matanga hayaanuliwi maiti ikiwa imekaa kwenye kigoda."

Mazigo akasimama. "Niko hai."

Mzee Kazoba akanyoosha mkono, akaonyesha upande wa ziwa.

Mazigo akakaa. "Nimekufa."

Lugata akatazama jembe lililosimama kwenye kona. Akalitazama tena. Kisha akaenda akalishika. Ndiyo, alilishika! Ndugu wa tumbo moja. Paa lisilovuja ni tamu, jamani.

Mazigo akasimama. "Hai."

Mkono wa mzee ukanyooka.

Mazigo akakaa. "Marehemu."

Jembe likanyanyuka.

Mara ya tatu hakusimama, hakukaa. Alibaki katikati, magoti yamekunjika, makalio yanaelea juu ya kigoda, jasho linamtoka.

"Hai kidogo," akasema.

Nyanjige akainuka, akajifunga kanga vizuri. Akawaambia hivi, na hakupaza sauti:

"Akiwa hai, mimi nina mume, wewe Lugata huna cha kurithi. Akiwa amekufa, azikwe kwanza, na nitakuja kulia kama nilivyolia. Akiwa hai kidogo, hiyo ni kazi yenu wazee. Mkishapatana yeye ni nani, mniite. Mpaka siku hiyo nyumba ina mwenyewe, na sitaki kuona kofia ya mtu ukutani kwangu."

Akaitoa ile kofia ya Lugata, aliyoitungua ukutani asubuhi ile, kwenye pindo la kanga, akamvika nayo Mazigo, pale pale alipochuchumaa. Akasogeza chungu cha mlenda mbele yao watatu.

"Walio hai wale," akasema. "Na waliokufa pia."

Mzee Kazoba akamwambia, "Binti yangu, subiri, shauri halijakwisha." Lugata akamwambia, "Shemeji, hebu kaa tuelewane." Mazigo akamwambia, "Mke wangu, nyumbani kuna nini cha kula?" Kila mmoja alisema lake.

Nyanjige akatoka, akaufunga mlango.

Mlango!

*Umefungwa!*

Walio ndani?

*Wanabishana!*

Aliye nje?

*Yuko kwake!*