Sufuria ya Nyapara na Wenyewe Watatu

Hapo zamani, mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya mbuzi uani kwake, anakuna nazi ya mchuzi, wifi yake alipoingia na habari. Zamani yenyewe si ya masultani wala majini. Ni zamani ya juzijuzi, ya redio za betri, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mkonge, ambako hakujawahi kutoka mtu aliyeandika kitabu.

Mwanamke huyo aliitwa Mwantumu. Wifi yake, dada wa mumewe, aliitwa Saumu. Na viatu alivyovaa Saumu siku hiyo vilikuwa vya Mwantumu.

"Wifi," alisema Saumu, "Bi Ghanima ameikubali hadithi. Kesho alfajiri anaondoka nayo."

Kifuu kilimponyoka Mwantumu. "Kweli?"

"Kweli. Akataka jina la kumpelekea mchapaji."

"Ukamwambia Mwantumu binti Shekuwe."

Saumu alivua kiatu kimoja, akakikung'uta ingawa hakikuwa na vumbi.

"Nikamwambia langu."

Ilivyokuwa ni hivi.

Mama mkwe wa Mwantumu, Bi Mgeni, ujanani alikuwa mpishi katika kambi ya wakata mkonge. Palikuwa na sufuria mbili. Kubwa ya wakataji, yenye maharagwe na wadudu wake. Ndogo ya nyapara, yenye nyama. Siku moja Bi Mgeni alizibadilisha. Nyama ikaenda kwa wakataji, kila mtu kipande cha ukubwa wa ukucha, na nyapara akatengewa maharagwe. Kisa hicho alikisimulia miaka yote akichambua mchele, na kila mara alikomea pale nyapara alipofunua kifuniko. Akiulizwa kilichofuata, husema chumvi imekwisha, nendeni dukani.

Mwantumu alisoma mpaka kidato cha nne. Yeye ndiye aliyekiandika. Aliandika maharagwe yakichemka, aliandika mtoto akiwa mgongoni mwa mpishi, aliandika wapishi wenzake wakiwa wamelala mchana. Na mwisho ambao mama mkwe hakuutoa, aliutunga mwenyewe.

Saumu hakuandika hata neno. Aliachishwa shule ili kaka yake asome, na kaka huyo ndiye Mbaraka aliyemwoa Mwantumu. Saumu hakulisahau hilo. Kila alipomwona wifi yake ameshika kalamu, alipata kazi ya kuosha masufuria, na aliyaosha kwa kelele.

Ndipo akaja Bi Ghanima. Huyu alikuwa wakala wa waandishi. Kazi yake ilikuwa kumtafutia mwandishi mchapaji, kumsemea huko na kumpigania asidhulumiwe. Aliwakusanya wanawake katika ukumbi wa mji, akawaambia anachotaka.

"Usiniletee hadithi ambayo hujaimaliza. Simpeleki mtu kwa mchapaji na nusu ya maneno.

"Usiniletee gunia. Niletee mwanzo, na uniambie kwa maneno machache ni kisa gani. Nikitaka zaidi nina mdomo, nitaomba.

"Usiniambie mumeo ameipenda. Mume mwenye njaa husifu chochote."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Uje mwenyewe. Tutakaa pamoja miaka, nataka nione kama tutavumiliana. Na nachukua mtu mmoja. Sichukui ukoo."

Mwantumu aliyasikia yote, lakini aliyasikia kwa masikio ya nyumba aliyolelewa. Kwake, wakala alikuwa mshenga tu wa aina nyingine. Na katika nyumba aliyolelewa, binti anayeposwa hasimami mlangoni akajinadi. Husemewa. Yeye hukaa ndani akasubiri jibu. Basi siku ya kwenda ilipofika, alimpa Saumu makaratasi na viatu vyake vizuri, akamwambia, "Wifi, nenda kanisemee. Wewe una mdomo."

Saumu akaenda. Huko kwenye nyumba ya wageni alipofikia wakala, barazani, Bi Ghanima aliomba mwanzo. Mwanzo wa Mwantumu ulikuwa babu wa Bi Mgeni, na baba wa huyo babu, na walikotoka, na njia waliyopita. Saumu akaona macho ya wakala yanahamia kwenye kikombe cha chai. Akayavuta makaratasi, akafunua mpaka pale sufuria zinapobadilishwa, akamrudishia. "Anza hapa," alisema. Bi Ghanima akaanza hapo. Akaomba na yaliyobaki. Akasoma mpaka chai ikafanya utando.

"Alipomaliza akauliza mwandishi ni nani," Saumu alimwambia wifi yake. "Nikasema ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alisema uje mwenyewe. Wewe ulikwenda? Umekaa hapa unakuna nazi kama mwari. Mimi ndiye niliyekaa mbele yake tangu asubuhi, na viatu vyako vimenichubua."

"Vivue."

"Chukua. Vidogo hata hivyo."

"Neno moja hukuandika, Saumu. Moja."

"Na wewe usingeandika moja kama nisingeachishwa shule. Ile nafasi aliyosomea mumeo ilikuwa yangu, na kisa cha mama ningekiandika mimi. Wewe umeandika mengi, wifi. Umeandika na babu wa babu. Mama wa watu alitaka kusinzia."

Bi Mgeni aliyasikia yote, ameketi palepale uani na ungo mapajani. "Mnagawana urithi nami sijafa?" alisema.

"Si hivyo, mama," alisema Mwantumu.

"Ni hivyo hivyo. Mimi nilifukuzwa kazi kwa sufuria ile. Nililala na njaa, nikamlaza na njaa huyo mumeo akiwa tumboni. Leo mmoja anasema ameandika, mwingine anasema amekwenda. Kwenda wapi? Hapo tu nyumba ya wageni, kwa viatu vya kuazima. Sijasikia hata mmoja akisema ni ya mama."

Mbaraka akaingia wakati huo, amechoka, akauliza kuna nini. Alipoelezwa alifikiri kidogo. "Jina la ukoo si la baba?" alisema. "Basi andikeni langu, mtulie." Wanawake watatu walimtazama. Akaenda kuoga.

Mwantumu alirudi kwenye nazi yake. Alikuna, lakini aliona gamba la kitabu lenye jina la Saumu. Aliona majirani wakimwamkia Saumu kwa cheo cha mwandishi, na yeye Mwantumu nyuma amebeba kapu. Aliona Saumu akiulizwa ule mwisho ulimjiaje, naye akijibu. Hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote. Akawaza kwamba ni afadhali makaratasi yale yaingie jikoni yachemshie maji kuliko kutoka na jina lile. Aliwaza hivyo, wala hakuona haya. Akakamua tui, akaonja, akalikuta chungu, na uchungu wenyewe ulikuwa mdomoni mwake.

Kisha akafunika sufuria, akavaa viatu vyake, akaenda nyumba ya wageni mwenyewe, tui limemkaukia viganjani.

"Mimi ndiye mwandishi," alimwambia Bi Ghanima kabla hajaketi.

"Mwenzako naye alisema hivyo hivyo, na asubuhi alikuwa wa kwanza. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nikisubiri jibu."

"Jibu la nini, nawe hukuuliza?"

Mwantumu akakwangua tui lililomkaukia. Bi Ghanima alimtazama viganja.

"Mnapika nini kwenu leo?"

"Samaki, kolekole wa nazi."

"Nitakuja kula. Nyumba isiyokubaliana huniletea kesi baadaye, na mimi nina kesi za kunitosha."

Akaja baada ya magharibi. Mkeka ukatandikwa, mikono ikanawishwa. Kabla chakula hakijapakuliwa, kila mmoja akasema lake.

Bi Mgeni akasema, "Bila mimi hakuna sufuria, hakuna nyapara, hakuna kisa. Hawa wamelisema jambo. Mimi nimelifanya, na nimelipia."

Mwantumu akasema, "Bila mimi kisa kingebaki kwenye ungo. Mama amekisimulia miaka yote na hakuna aliyekibeba nje ya ua huu. Nami niliutunga mwisho, maana yeye hakuutoa."

"Sikuutoa kwa kuwa ni wangu," alisema Bi Mgeni. "Nilifukuzwa. Wewe ukaandika nyapara alikula maharagwe akanyamaza."

"Ndiyo, mama. Nilitaka wewe ushinde."

Bi Mgeni akageuza uso.

Saumu akasema, "Bila mimi makaratasi yangekuwa kabatini chini ya shuka. Mwenye kuandika aliona haya, mwenye kisa hakuinuka hata kwenye ungo wake. Niliambiwa nikamsemee mtu, nikasema. Niliona pa kuanzia, nao wote hawakupaona. Kama hiyo si kazi, basi na wewe Bi Ghanima huna kazi, maana ndiyo hiyo hiyo uifanyayo."

Bi Ghanima akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli," alisema. "Pa kuanzia palinikamata. Sufuria zile zilinikalisha. Na ule mwisho, nimeusoma mara mbili. Ningependa kuwachukua nyote. Lakini nikienda kwa mchapaji naweka jina moja mezani. Yeye atamwita mtu mmoja, na mimi nikitaka kugombana nataka nijue nagombana na nani. Mkinipa majina matatu, nawaachia makaratasi yenu hapa kwenye mkeka na kesho naondoka bila kitu."

"Basi chagua wewe," alisema Saumu. "Si ulishaandika langu?"

"Nililiandika kwa kalamu ya risasi. Sichagui. Mimi husemea watu, siwazai." Akaitazama sufuria. "Samaki mzima huyo?"

"Mzima," alisema Mbaraka.

"Katika nyumba hii kichwa hula nani?"

"Humtegemea mpakuaji. Humpa aliyestahili siku hiyo. Siku nyingi hunipa mimi." Akamtazama mkewe. "Leo sijasema kitu."

"Vizuri," alisema Bi Ghanima. "Kichwa ni kimoja na jina ni moja. Kitakapotua kichwa, jina la mwenye sahani hiyo ndilo nitakaloandika kwa wino. Na likishaandikwa, sitaki kusikia kilio kikinifuata njiani."

Mwantumu ndiye aliyekuwa na upawa. Yeye mwenye wivu kuliko wote, yeye mwenye madai, ndiye wa kupakua.

Bi Mgeni akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Leo umeushika wewe, mke wa mwanangu," alisema. "Mimi niliwahi kuushika. Nao ni mzito."

Saumu aliuvuta mguu wake uliochubuka akauficha chini ya kanga.

Mwantumu akapakua wali kwanza. Akawahesabu kama anavyowahesabu kila jioni, maana mama asiyehesabu hulaza mtu na njaa. Mama mkwe yupo. Wifi yupo. Mume yupo. Mgeni yupo. Watoto wake wote wapo kwenye mkeka wao, hata yule mmoja aliyezoea kuzurura. Hakuna aliyebaki jikoni, hakuna aliyebaki njiani. Yeye mwenyewe yupo, na sahani yake iko mbele yake kama za wengine.

Akafunua kifuniko. Akakiinua kichwa cha kolekole juu ya upawa, tui likichuruzika, na macho yote yakaufuata mkono wake.

Nanyi mliokaa mkisikiliza, ushikeni upawa huo kabla mchuzi haujapoa. Yupo aliyekiishi kisa akafukuzwa kazi. Yupo aliyeandika, akaona haya kujisemea mpaka alipochelewa. Yupo aliyekwenda, akaona pa kuanzia, akajitaja. Kichwa ni kimoja.

Je, kitue kwenye sahani ya nani? Nani alistahili?