Hondohondo na Injini Tatu za Muhanga

Ngano yaja!

— Ije, tumekwisha kaa!

Yaja na mzigo!

— Teremsha, tukupokee!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na magulio yao na malori yao, aliishi ndege mmoja mwenye mdomo mkubwa, jina lake Hondohondo. Kazi yake ilikuwa kupiga mbiu kwenye gulio la bondeni. Akifungua mdomo, hata viziwi waligeuka. Wewe wa nyuma acha kucheka, ndivyo nilivyosimuliwa.

Hondohondo alikuwa na mke, Bi Mize. Na ninyi mnawajua hondohondo. Mke akitaka kuatamia huingia kwenye tundu la mti, akajikandika kwa tope mlangoni, akabakiza ufa wa kutolea mdomo tu. Hatoki humo mpaka makinda waote manyoya. Kula yake yote iko juu ya mume.

Basi Bi Mize alikuwa ndani ya tundu lake, juu kabisa ya Mlima Kwea-Ulie, yeye na makinda watatu. Masika yalikuwa karibu. Na masika yakianza, ukungu huufunga mlima wote, bawa halipiti, barabara nayo huwa tope tupu. Mtama wa kuliwa masika yote ulikuwa bado bondeni, magunia kwa magunia, wa Hondohondo na wa wanyama wote wa mlimani. Mtama usipopandishwa mlimani kabla ya mvua, makinda watakufa njaa. Hondohondo alilijua hilo, na roho haikumtulia.

Kupandisha mtama kunataka lori. Malori ya nchi ile yalitengenezwa na fundi mmoja tu, Bwana Muhanga, mwenye pua ndefu na kucha za kazi. Bodi zote zilifanana. Kilichotofautiana ni injini, nazo zilikuwa za aina tatu.

Ya kwanza iliitwa Vuma. Kubwa hiyo! Ikiwashwa, mabati ya karakana yanatetemeka. Ya pili iliitwa Mshale. Nyepesi hiyo! Ukiikanyaga, umekwisha fika. Ya tatu iliitwa Taratibu. Ndogo, haina kelele, haina mbio, imewekwa pembeni imefunikwa gunia.

Sasa sikilizeni desturi ya gulio lile. Fundi hupigiwa mbiu ya kitu kimoja tu kila gulio. Kabla ya kuipiga, mpiga mbiu humwuliza mwenye kitu maswali matatu mbele ya wote. Ni chako? Ni kizima? Ndicho nikipigie mbiu? Mwenyewe hujibu, mbiu ikapigwa. Na kitu hicho kikija kuwaaibisha walionunua, mpiga mbiu hung'oa unyoya mmoja wa mkia wake, akauchomeka katikati ya gulio, kila apitaye auone.

Likaja gulio la kwanza. Muhanga akamwita Hondohondo.

"Ndugu yangu, leo nipigie mbiu ya Vuma."

"Mbona si Taratibu?" Hondohondo akauliza.

"Taratibu? Nani ataisikia? Mnyama hununua kwa sikio, ndugu yangu. Wewe piga Vuma."

Hondohondo akauliza maswali yake matatu haraka haraka, kisha akapaza sauti:

"Vuma, Vuma, mlima utahama!
Vuma, Vuma, mwenye mzigo simama!"

Nyati aliposikia mabati yanatetemeka, moyo wote ukaiendea. Akanunua. Wakapakia mtama, akawasha, bonde zima likashangilia. Akaanza kupanda. Vuuu! Kona ya kwanza, dizeli nusu. Vuuu! Kona ya pili, dizeli kwisha. Lori likazimika, likarudi kinyumenyume mpaka bondeni, Nyati usukanini akimlilia mama yake.

Hondohondo akang'oa unyoya wa kwanza. Ulimuuma. Akaruka hadi mlimani na punje chache mdomoni.

Bi Mize akachungulia ufani. "Baba watoto, sauti yako nimeisikia mpaka huku. Mtama uko wapi?"

"Unakuja, mama watoto. Unakuja."

Likaja gulio la pili. Muhanga akasema, "Ndugu yangu, leo nipigie Mshale."

"Na Taratibu je?"

"Wewe nawe na Taratibu yako! Piga Mshale."

Hondohondo akapiga:

"Mshale, Mshale, huku wewe kule!
Mshale, Mshale, usinywe uji, ule mbele!"

Pundamilia akanunua, maana yeye na mbio ni damu moja. Wakapakia, akakanyaga. Kona ya kwanza, magunia mawili chini. Kona ya pili, magunia kumi chini. Kona ya tatu, hata sisemi. Lori lilifika juu kweli, na mbio zake zote, likiwa tupu. Wanyama wakashinda kutwa wakiokota mtama barabarani.

Hondohondo akang'oa unyoya wa pili. Huo ulimuuma zaidi. Akaruka hadi mlimani.

"Baba watoto," akasema Bi Mize, "leo lori nimeliona. Mtama uko wapi?"

Mawingu yalikwisha kusanyika upande wa mashariki. Kinda mdogo alikuwa akilia, na sauti yake ilikuwa imepungua tangu jana. Mpiga mbiu wa bonde zima akainamisha kichwa, akalia.

"Usilie, nisikilize," Bi Mize akasema. "Mimi nimo humu, siendi popote, lakini ufa wangu unatazama barabara. Kila asubuhi lori moja hupita hapa. Halivumi. Halikimbii. Limejaa hadi juu, nalo linapanda tu, kiti-kiti-kiti. Ni la nani?"

"La Muhanga. Anawapelekea wakwe zake unga, ng'ambo ya mlima."

"Lina injini gani?"

Hondohondo akajikuna shingo kwa ukucha.

"Hujui! Umezipigia mbiu injini zake mara mbili, na ya kwake huijui!"

Maneno hayo yalimchoma Hondohondo. Asubuhi yake akateremka. Akalikuta lori la Muhanga limeegeshwa, mwenyewe anakunywa uji kwa mama lishe. Akaingiza mdomo chini ya boneti, akainua. Mle ndani, imefutwa vumbi, imepakwa mafuta, imekaa kama bibi harusi, ilikuwa Taratibu. Akaifunga boneti polepole, akaenda zake gulioni.

Gulio la tatu likajaa pomoni. Muhanga akaleta injini nyekundu inayong'aa.

"Ndugu yangu, leo nipigie Vuma Mpya!"

"Mpya nini?"

"Rangi."

Hondohondo akapanda juu ya pipa. Akauliza, "Bwana Muhanga, ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni nzima?"

"Ni nzima."

Swali la tatu wote walilijua, hata watoto walikuwa wakilisema. Hondohondo akavuta pumzi.

"Ndiyo iliyo ndani ya lori lako?"

Wanyama wakageukiana: silo swali la siku zote! Muhanga akakohoa. Pua ikashuka. Kucha zikaanza kuchimba chini, zenyewe.

"Ndiyo iliyo ndani ya lori lako?" Muhanga akazama magotini.

"Ndiyo iliyo ndani ya lori lako?" Muhanga akazama kiunoni, kifuani, yakabaki masikio tu.

"Jibu!" Nyati akanguruma.

Sauti ikatoka shimoni. "Siyo! Ndani mwangu mna Taratibu. Jamani, Taratibu hainikai, hata nikiifunika gunia. Nikitengeneza moja, jirani anaiona inapanda, anaichukua. Inajiuza! Lakini Vuma nilizitengeneza thelathini, zikanilalia ghalani. Ningepiga mbiu ya inayotoka, au ya inayolala?"

Walitaka kukasirika, wakashindwa, kwa vile masikio yale yalivyokuwa yakitetemeka. Wakacheka mpaka Pundamilia akaanguka. Kisha wakamtoa, wakamwambia, "Lori lako litapandisha mtama wetu leo. Na Vuma ya Nyati na Mshale ya Pundamilia utazichukua, uwape Taratibu." Muhanga akakubali mara moja. Lakini haya haikumtoka. Tangu siku ile muhanga hushinda shimoni, hatoki mpaka watu walale.

Wakapakia magunia yote, wakayafunga kwa kamba. Lori likapanda. Kiti-kiti-kiti, kona ya kwanza. Kiti-kiti-kiti, kona ya pili. Kiti-kiti-kiti, kona ya tatu. Gunia la mwisho liliposhushwa, tone la kwanza la mvua likaanguka juu yake.

Hondohondo, mkia wake umepungua manyoya mawili, akafika mbio kwenye tundu. Alikuwa na habari ya kumjaza mtu kifua. Akatanua mdomo, tayari kupaza sauti bonde na mlima visikie.

Mdomo wa Bi Mize ukatokeza ufani.

"Nyamaza," akasema. "Lisha."

Akalisha.

Basi jamani, mkisikia mbiu, msimwulize mpiga mbiu kitu kinavuma vipi. Mwulizeni mwenye kitu yeye mwenyewe anatumia kipi.

Ngano yangu nimeiegesha hapa, injini nimezima.

— Shuka, tumeupokea mzigo!