Nesi Aliyepiga Hodi Kwenye Kidonda

Hii nimetumiwa na shangazi yangu, naye si mtu wa kutuma vitu ovyo. Isome mpaka mwisho, ni fupi.

Bi Sikujua alikuwa mkaanga maandazi, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mafuta ya karai lake. Asubuhi moja karai likapinduka, mafuta yakamuunguza mguu kuanzia goti hadi vidoleni. Akalazwa.

Sasa, kuungua ni jambo moja, kusafishwa ni jambo jingine. Kila siku bendeji ilikuwa imegandia kwenye nyama. Wauguzi watatu walimshika, wa nne akavuta, naye akapiga kelele hadi wodi ya wanaume wakamsikia. Siku ya tano akakataa katakata.

"Anayeutaka mguu wangu aje na jeshi," alisema.

Daktari hakuzunguka. "Mama, kidonda kisiposafishwa kitaoza, na mguu tutaukata."

Bi Sikujua akageukia ukutani. Aliogopa kukatwa, lakini alichoogopa zaidi ni zile dakika arobaini za kushikwa kama mbuzi wa kuchinjwa.

Kesho yake akaja nesi mmoja tu, Theopista, asiye na maneno mengi. Akaketi, akaweka chini beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu, akauinamia ule mguu.

"Hodi," akasema.

"Karibu," akaitika Bi Sikujua, maana nani aliyelelewa akalelewa atasikia hodi akanyamaza? Kisha akashtuka. "We mtoto, umenitega!"

"Basi hiyo tuifute, mama. Nitapiga hodi upya. Ukisema karibu, naingia. Ukisema ngoja, nangoja. Nikipiga mara tatu usiitike, naondoka, kama nyumbani kwa mtu yeyote."

Bi Sikujua akaamua kumpima. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya vilevile. Theopista akabeba beseni lake akaondoka kweli, wala hakununa.

Hapo mama wa watu akachanganyikiwa. Tangu alazwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukataa kitu akasikilizwa. Saa nzima akalala anautazama mlango, mguu unanuka na harufu anaisikia mwenyewe. Mwisho akamwambia muuguzi aliyekuwa akipita, "Hebu niitie yule wa hodi. Mgeni gani anakata tamaa upesi hivyo?"

Theopista akarudi. Akaimwagia bendeji maji taratibu mpaka ikalainika, akashika ukingo wake.

"Hodi."

"Ngoja, sebule haijafagiliwa."

Nesi akangoja, mikono mapajani. Bi Sikujua akavuta pumzi, akalikamata shuka. "Haya, karibu."

Iliuma, asikudanganye mtu. Lakini aliposema basi, mikono ilisimama, na hakuna aliyemshika.

Wiki saba wakaenda hivyo. Nyama mpya ikaota. Daktari akaja, akaukagua mguu, akasema mama aende nao nyumbani.

Siku ya kutoka, Bi Sikujua alimshika Theopista mikono yote miwili, analia bila kujificha. "Mwanangu, sijui nikushukuru vipi. Nasimama kwa miguu yangu miwili kwa sababu yako."

Theopista akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Mimi ndiye wa kukushukuru, mama. Hii ni barua ya kuacha kazi. Miaka sita nimefunga vidonda, na kila nikiingia wodini watu wananigeuzia uso, watoto wakiona toroli langu wanalia. Nilishaanza kujiona mtu mbaya. Siku ile uliponinyamazia, nilitoka kwako nikaenda kukaa nje ya ofisi ya matroni na barua yangu mkononi, nikimsubiri. Mwenzangu ndiye aliyekuja kuniambia, 'Yule mama anakuita.' Nikairudisha mfukoni."

Akaikunjua ile karatasi, akasema, "Miaka sita, mama. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniita nije."

Bi Sikujua akajifuta machozi. Aliichukua ile barua, akaichana vipande vidogo vidogo, akamkumbatia.

Funzo: Mwenye maumivu muulize kabla ya kumgusa, kwani ruhusa yake ni nusu ya dawa, na anayekuhudumia mwambie asante leo, hujui amebakiza hatua ngapi kukata tamaa.