Kwa Nini Mawese Hugawanyika Asubuhi za Baridi

Wajukuu zangu, msiyamwage mafuta hayo. Hayajaharibika. Kaeni niwaambie kwa nini asubuhi za kipupwe mawese huwa maji mekundu juu na uji mzito chini.

Hapo kale Baridi aliishi milimani peke yake, wala hakuijua njia ya kuja huku kwenye michikichi. Mawese yalikuwa mepesi mwaka mzima, chungu kizima sura moja, na watu wakadhani mafuta ni kitu kimoja. Mama akimwoza binti alipeleka chungu cha mawese kwa wakwe, akaapa mbele yao: haya ni kitu kimoja, sikuyachanganya na chochote.

Baridi akakisikia kiapo hicho huko juu, akacheka. Siku ya kumwoza binti mmoja, Butoyi, akashuka, bila kualikwa na mtu.

Mama yake Butoyi alikuwa mjane, na mawese yake aliyakamua na kuyachemsha mwenyewe. Alifika kwa wakwe jioni, akaapa kama ilivyokuwa desturi, chungu kikalala uani. Kulipokucha wakakifunua, wakakuta mafuta mawili.

Nyakamwe, mama wa bwana harusi, alikuwa na ulimi. Alichovya upawa mpaka chini, akauliza kama haya ni mawese au mkwe amewaletea togwa. Kisha akasema, "Uliapa ni kitu kimoja. Mimi naona viwili. Mchukue binti yako urudi naye."

Butoyi alikuwa ameshaaga kwao. Binti aliyerudishwa kwa uongo wa mama yake haposwi tena, na hilo kila mtu pale alilijua.

Mama Butoyi hakulia. Aliijua kazi ya mikono yake. Akauliza kwa upole, "Mkwe, chungu chako cha mawese hulala wapi?"

"Jikoni, kando ya mafiga."

"Changu kimelala nje. Tuvibadilishe malazi, halafu kesho utanifukuza."

Wakavibadilisha. Asubuhi ya pili mawese ya mjane yalikuwa mepesi, mekundu, sura moja. Ya Nyakamwe, aliyoyakamua mwenyewe na kujisifia, yalikuwa maji juu na uji chini. Akachovya upawa mpaka chini, ukatoka na uji uleule.

"Sikuyachanganya mimi, mkwe," akasema Mama Butoyi. "Yamezaliwa yamechanganyika. Ni wana wa tumbo moja: huyu anastahimili baridi, huyu anatafuta blanketi. Moto ukiwaka wanakaa pamoja, hutawajua."

Nyakamwe akakibeba chungu chake mwenyewe, akakitia motoni, akakoroga. Butoyi akabaki.

Na tangu siku hiyo Baridi hushuka kila kipupwe kuwaita wana hao wa mafuta mmoja mmoja, na hakuna mama anayeapa tena kuwa mafuta ni kitu kimoja. Ni ukoo. Mawese ni ukoo, nazi ni ukoo, samli ni ukoo, na alizeti vilevile hata ikijifanya nyepesi. Na chungu cha harusi hukorogwa na mama wa bwana harusi, mpaka chini, kabla hajasema neno.

Haya, kisogezeni chungu motoni.