Chui Alivyolea Mimba ya Bi Simbilisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na vyungu vyao kama sisi, Chui alijenga nyumba kule milimani kwenye baridi kali. Alikuwa kapera, na moto wa jikoni kwake haukuzimika. Acheni kusukumana huko nyuma, nimeshaanza!

Asubuhi moja aliinama kuchochea kuni, akasikia nyuma ya mafiga: wiii! wiii!

"Nani huyo?"

Akachungulia. Kumbe ni simbilisi wawili, mume na mke, wamejikunyata kwenye majivu ya moto. Simbilisi mnawajua, yule kama panya mnene asiye na mkia. Baridi haiwezi hata kidogo. Na huyu mke alikuwa na mimba.

Chui akawabana wote wawili, pa!

"Hodi, Bwana Chui," Bi Simbilisi akasema.

"Hodi gani, nawe umeshaingia? Tulia hapo nitafute chumvi."

 Bi Simbilisi hakujililia mwenyewe, aliwalilia watoto waliokuwa tumboni. Lakini akaikaza sauti.

"Mtu mzima wewe, sisi tutakutosha nini? Matonge mawili tu! Ngoja nijifungue, upate wengi, tena laini."

Chui akameza mate. "Laini kweli?"

"Wewe hupenda watoto wakiwaje?"

"Wakiwa hawajafumbua macho. Nyama yao inayeyuka mdomoni! Hata mimi mama alinizaa sioni, nikakaa siku kumi gizani."

"Basi apa. Aliyefumba macho ni wako. Aliyefumbua humgusi, na sisi wazazi tunaondoka naye."

"Siku kumi zote hizo? Si nitakuwa nimeshawamaliza!" Chui akacheka mpaka akapaliwa. Akaapa.

Wakati huo huo akaingia jirani wa Chui, Nungunungu, amekuja kuomba kaa la moto. Chui hamwogopi mtu, ila miiba ya Nungunungu anaiogopa. Bi Simbilisi akamwomba Nungunungu awe shahidi. Aliposikia masharti, kikohozi kikamshika ghafla.

"Koho! Koho! Nimesikia. Atakayevunja kiapo atanieleza mimi." Miiba yake ikalia shwaa!

Basi Chui akawa mfugaji. Kesho yake akaleta nyasi kavu.

"Hizi sili," Bi Simbilisi akasema. "Nataka mbichi, za leo, kila siku. La sivyo nitaugua, na watoto watakonda."

Chui akaenda kukata nyasi mbichi, ananung'unika njia nzima.

"Halafu mjengee mume wangu banda lake."

"Kwani mmegombana?"

"Hatujagombana. Nikijifungua asubuhi naye yupo, jioni nina mimba nyingine."

"Alaa! Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwako! Mwili usiopumzika hufa. Nikifa mimi, utafuga majivu?"

Chui akajikuna kichwa, akaenda kujenga banda.

Siku zikapita. Kila asubuhi aliweka sikio kwenye lile tumbo. "Eh! Wanacheza! Ni wangapi? Wamenona? Mbona wanachelewa? Panya huzaa kwa wiki tatu!"

"Panya ana haraka zake. Mimi napika taratibu."

Siku ya sitini na tisa, mchana, ikasikika: wiii! Halafu wii, wii, wii, vijisauti vitatu. Chui akabandika chungu, akaja mbio na chumvi mkononi.

Lahaula! Macho sita yakamkodolea. Watoto watatu, wana manyoya, wana meno. Mmoja anatafuna jani. Mwingine akampita Chui katikati ya miguu, puru!

"Hawa wageni wa nani? Watoto wako wako wapi?"

"Ndio hao."

"Mwongo! Wamezaliwa lini?"

"Sasa hivi. Hata hawajakauka."

Chui akainua kucha. Shwaa! Nungunungu amesimama mlangoni.

"Tuwaangalie mmoja mmoja, jirani," akasema. "Huyu amefumba? Na huyu je?"

Kucha zikashuka. Chui akaketi sakafuni, pu! Karibu alie.

"Ulinificha!"

"Sikukuficha, hukuniuliza," Bi Simbilisi akamjibu. "Siku sitini na tisa uliuliza wangapi, wamenona, lini. Wanazaliwaje, hukuuliza hata mara moja."

Akamfungulia mumewe banda, wakatoka wote watano, watoto wanakimbia kwa miguu yao wenyewe. Chui akabaki na chungu cha maji yanayochemka.

Basi wajukuu zangu, anayefuga asichokijua hufuga hasara.